Miche Dhaifu Yahitaji Malezi: Kazi Inayoanza Baada ya Siku ya Kupanda Miti

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila mwaka mvua za msimu zinapoanza kunyesha katika mikoa ya kanda ya kati, taasisi za umma, shule, nyumba za ibada na kaya hutoka na majembe kupanda miti. Mashimo huchimbwa, miche hushushwa kutoka kwenye magari, picha hupigwa na idadi ya miti iliyopandwa huandikwa katika taarifa. Ifikapo Agosti, upepo mkavu wa kipupwe unapovuma, sehemu ya miche hiyo huwa imebaki vijiti vikavu vilivyosimama katikati ya vumbi.

Mwandishi wa makala haya ni miongoni mwa waliowahi kuacha kijiti cha namna hiyo. Miaka kadhaa iliyopita alishiriki zoezi la kupanda miti katika viwanja vya ofisi moja ya umma jijini Dodoma, akapanda mche wa mwarobaini, akanawa mikono na kurejea kazini. Miezi saba baadaye alipopita mahali hapo aliushika mche ule kwa vidole viwili, nao ukang'oka wote. Mizizi yake ilikuwa bado imejikunja ndani ya kiriba cha plastiki ambacho yeye mwenyewe hakukiondoa siku ya kupanda. Mche huo haukuuawa na ukame peke yake. Ulidhoofishwa tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyerudi kuutazama.

Makala haya yanaeleza ni kwa nini miche hudhoofika, namna ya kuitambua mapema na hatua ambazo mwananchi wa kawaida anaweza kuchukua ili mche mchanga usimame na kuwa mti. Mifano mingi imetolewa Dodoma, mkoa ambao hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka na ambako kosa dogo la utunzaji huonekana haraka. Hata hivyo, kanuni zinazoelezwa zinafaa pia katika maeneo mengine makavu nchini.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sote

Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu, ijulikanayo kwa kifupi kama NAFORMA, ilibaini kuwa Tanzania Bara ina takribani hekta milioni 48.1 za misitu, sawa na asilimia 55 ya eneo la nchi kavu. Takwimu rasmi zilizofuata zilionesha kuwa nchi inapoteza takribani hekta 469,000 za misitu kwa mwaka, hasa kutokana na upanuzi wa mashamba, ukataji wa miti kwa ajili ya kuni na mkaa, malisho yasiyodhibitiwa na moto.

Katika kukabiliana na hali hiyo, Serikali imezielekeza halmashauri nchini kupanda miti isiyopungua milioni 1.5 kila moja kwa mwaka. Aidha, kupitia mpango wa Afrika wa kurejesha uoto wa asili ujulikanao kama AFR100, Tanzania imeahidi kurejesha hekta milioni 5.2 za ardhi iliyoharibika ifikapo mwaka 2030. Kwa upande wa Dodoma, kampeni ya kuifanya kuwa ya kijani ilizinduliwa mwaka 2017, mara baada ya Serikali kuanza kuhamishia shughuli zake katika makao makuu ya nchi.

Malengo haya yote hupimwa mwishoni kwa miti iliyo hai, si kwa mashimo yaliyochimbwa. Tuchukue mfano wa hesabu rahisi. Halmashauri ikipanda miti milioni 1.5 na theluthi moja ikafa, miti 500,000 imepotea. Pamoja na miti hiyo zimepotea gharama za mbegu, udongo, viriba, maji ya kitaluni, usafiri na nguvu za wananchi walioacha shughuli zao kwenda kupanda. Zaidi ya hayo, umepotea msimu mzima wa mvua, ambao haurudi hadi mwaka unaofuata.

Mche dhaifu hutambuliwaje

Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Udhaifu wa mti mkubwa mara nyingi huwa umeanzia kitaluni, na mwenye jicho la kuchunguza huweza kuuona kabla mche haujafika shambani.

Dalili ya kwanza ni urefu usio na unene. Mche uliokulia mahali penye kivuli kizito, au uliobanwa na wenzake, huelekeza nguvu zake juu kutafuta mwanga. Shina huwa jembamba, jeupe upande wa chini, na majani huwa machache na yaliyoachana. Wanunuzi wengi hupendelea mche wa namna hii kwa kuwa ni mrefu, ilhali ndio unaoanguka wa kwanza ukikutana na upepo.

Dalili ya pili ni rangi. Majani ya chini yanayogeuka manjano huashiria upungufu wa virutubisho, hususan naitrojeni, au mizizi inayokosa hewa kwa sababu ya maji kutuama. Ni vyema kuchunguza udongo kabla ya kuamua. Udongo ukiwa umelowa na una harufu ya kuoza, tatizo ni maji mengi, na kuongeza mbolea hakutasaidia.

Dalili ya tatu hupatikana shingoni mwa mche, yaani mahali ambapo shina hukutana na udongo. Shingo ikiwa imesinyaa, imegeuka kahawia na kulainika, mche una ugonjwa wa kinyausi. Ugonjwa huu husababishwa na vimelea vya ukungu vinavyoishi udongoni, na hushamiri pale mbegu zilipopandwa kwa kusongamana na kumwagiliwa kupita kiasi. Miche huanguka kwa makundi, mara nyingi usiku mmoja baada ya mwingine.

Dalili ya nne haionekani bila kutazama chini. Mche uliokaa muda mrefu ndani ya kiriba huwa na mizizi inayozunguka kama kamba iliyoviringishwa. Mizizi hiyo huendelea kuzunguka hata baada ya kupandwa, na mti unaweza kukauka au kung'olewa na upepo miaka kadhaa baadaye bila mwenye nao kujua sababu.

Malezi ya kitaluni

Nguvu ya mche huanzia kwenye udongo. Mchanganyiko unaotumika sana katika viriba ni sehemu tatu za udongo wa juu wenye rutuba, sehemu mbili za samadi iliyooza vizuri na sehemu moja ya mchanga. Samadi hulisha mche, na mchanga huruhusu maji kupita na hewa kuingia. Samadi mbichi haifai kwa kuwa huunguza mizizi michanga.

Mbegu zikishaota, miche iliyosongamana ipunguzwe mapema. Jambo hili huwatia watu wengi uchungu, kwani hakuna apendaye kung'oa kile alichokiotesha. Hata hivyo, miche miwili inayogombania kiriba kimoja huishia kuwa dhaifu yote. Ubakizwe mmoja ulio na shina lililonyooka na majani yenye afya.

Wakati wa kuhamisha miche kutoka kwenye tuta la mbegu kwenda kwenye viriba, mche ushikwe kwa jani wala si kwa shina. Jani likichubuka mche huota jingine, lakini shina likibonyezwa huo ndio mwisho wake. Tundu litengenezwe kwa kijiti hadi kina kinachotosha mzizi mkuu kushuka ukiwa umenyooka. Mzizi uliopinda kama ndoano siku hiyo hubaki umepinda maisha yote.

Umwagiliaji ufanyike asubuhi, au jioni mapema, kwa kutumia chombo chenye matundu madogo. Pale kinyausi kinapojitokeza, hatua ya kwanza ni kupunguza maji, kuondoa miche iliyoathirika pamoja na udongo wake, kuachanisha iliyobaki ili hewa ipite, na kupunguza kivuli ili jua lifike juu ya udongo. Miche ambayo shingo zake zimekwisha kuoza haiponi. Juhudi zielekezwe kuikinga iliyosalia.

Kwa miche iliyorefuka bila unene, tiba ni mwanga, lakini mwanga huo uongezwe hatua kwa hatua. Nyasi za kivuli zipunguzwe kidogo kila baada ya siku chache. Mche uliozoea kivuli ukitolewa ghafla kwenye jua la saa saba mchana, majani yake huungua na kupauka.

Vilevile, viriba vinyanyuliwe mara kwa mara, angalau kila baada ya wiki chache, na mizizi iliyopenya kwenda ardhini ikatwe kwa kisu kikali au mkasi. Kazi hii huufanya mche kuotesha mizizi mingi midogo ndani ya kiriba, nayo ndiyo itakayonyonya maji baada ya kupandwa.

Kukomaza miche kabla ya safari

Wiki tatu hadi nne kabla ya kupanda, miche inapaswa kukomazwa. Kukomaza ni kuuzoesha mche maisha magumu unayoyaendea. Kivuli huondolewa kidogo kidogo hadi mche ukae juani siku nzima, na maji hupunguzwa kwa kuongeza siku kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, bila kuuacha mche unyauke kabisa. Katika kipindi hiki shina hukomaa na kuwa gumu, majani huwa manene zaidi, na ukuaji wa kwenda juu hupungua.

Kwa maeneo makavu kama Dodoma, mche wa miti ya kawaida wenye urefu wa sentimita 30 hadi 45 na shina linalokaribia unene wa penseli hufaa kuliko mche wa mita moja wenye shina kama ubua wa nyasi. Mche mfupi una majani machache ya kupoteza maji na mizizi inayolingana na kimo chake. Siku ya kusafirisha, miche imwagiliwe kwanza, ipangwe ikiwa imesimama, ifunikwe isipigwe na upepo wa gari, na ishikwe kwa kiriba wala isivutwe kwa shina.

Siku ya kupanda

Mashimo yachimbwe kabla ya mvua. Shimo lenye upana na kina cha sentimita 60 linafaa kwa miti ya matunda, na kwa miti mingine sentimita 45 zinaweza kutosha kama ardhi si ngumu sana. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine. Wakati wa kufukia, udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza ndio unaotangulia kuingia, kwa kuwa ndiko mizizi itakakokwenda.

Kupanda kusianze kwa mvua ya kwanza. Mvua moja ya kutimua vumbi ikifuatiwa na jua la wiki mbili huua miche mingi. Isubiriwe hadi unyevu ushuke angalau sentimita 30 ardhini, jambo linaloweza kupimwa kwa kuchimba kidogo kwa jembe. Kwa Dodoma wakati huo mara nyingi huangukia Desemba au Januari. Wananchi wanashauriwa kufuatilia utabiri unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambao hueleza pia mwelekeo wa vipindi vya ukavu ndani ya msimu. Kwa upande mwingine, anayepanda mwezi Machi au Aprili huunyima mche wake muda wa kushusha mizizi kabla ya kiangazi.

Kiriba lazima kiondolewe. Kichanwe kwa wembe ubavuni, kitolewe taratibu bila kuvunja bonge la udongo, na mizizi iliyojizungusha chini ikatwe. Mche uwekwe kimo kilekile ulichokuwa nacho kwenye kiriba. Ukizikwa shingo huweza kuoza, na ukiachwa juu mizizi hukauka. Udongo ushindiliwe kwa mikono au kwa mguu kwa wastani ili kuondoa nafasi za hewa. Viriba vyote vikusanywe na kuhesabiwa, kwani viriba vilivyokusanywa vikiwa pungufu ya miche iliyopandwa, ipo miche iliyozikwa na plastiki yake.

Katika ardhi kavu, uso wa shimo uachwe chini kidogo ya usawa wa ardhi ili upokee maji. Penye mteremko, lijengwe kingo la udongo lenye umbo la nusu mwezi, uwazi wake ukielekea juu ya mteremko. Mvua inaponyesha, maji yanayoshuka hukusanyika mbele ya mche badala ya kupita na kuubeba udongo.

Mti wa kuegemea: msaada usiozidi kiasi

Mche mwembamba unaolala kwa upepo unahitaji mti wa kuegemea. Hata hivyo, msaada huu hukosewa mara nyingi. Shina linapotikiswa kidogo na upepo hunenepa upande wa chini na kujenga nyuzi imara. Mche uliofungwa kwa kukazwa juu hadi chini, usioweza kutikisika kabisa, hukua mrefu bila kujijengea nguvu. Siku mti wa kuegemea ukiondolewa au kuliwa na mchwa, mche huanguka.

Njia sahihi ni kusimika mti wa kuegemea upande upepo unakotokea, ambao kwa Dodoma mara nyingi ni mashariki, na kuuweka mbali kidogo na bonge la mizizi ili usiikate. Mche ufungwe mahali pamoja, kati ya theluthi na nusu ya urefu wake, kwa kitu laini kama ukanda wa kitambaa au mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Fundo lipite kwa umbo la tarakimu nane, duara moja likizunguka mche na jingine likizunguka mti wa kuegemea, ili shina lisisuguliwe. Waya na kamba ya nailoni visitumike kwa kuwa hukata gome shina linaponenepa. Fundo likaguliwe kila mwezi na kulegezwa. Baada ya msimu mmoja, au mara mche utakapoweza kusimama wenyewe, mti wa kuegemea uondolewe.

Matawi ya chini nayo yasiharakishwe kukatwa. Majani ndiyo jiko la mche, na mche ulionyang'anywa majani mengi ili urefuke haraka hupungukiwa chakula cha kunenepesha shina. Matawi yanayozidi yapunguzwe kidogo kidogo, yasizidi theluthi moja ya majani yote kwa mara moja.

Kiangazi cha kwanza: maji, matandazo na mchwa

Kuanzia Mei hadi Novemba mvua huwa adimu Dodoma. Hiki ndicho kipindi kinachoamua kama mche utaishi. Kumwagilia kikombe kimoja kila jioni hulowesha uso wa udongo tu, na mizizi hupanda juu kufuata unyevu huo, ambako jua huikausha. Ni bora kumwagilia kwa wingi na kwa nafasi. Kama mwongozo wa jumla, ndoo ya lita 10 hadi 20 kwa mche kila wiki, ikimwagwa polepole, hushuka chini na kuivuta mizizi kuifuata. Udongo wa kichanga huhitaji maji mara nyingi zaidi kuliko wa mfinyanzi.

Kwa kaya zinazonunua maji kwa ndoo, zipo njia za kubana matumizi. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi kikizikwa kando ya mche, mdomo ukibaki juu na kufunikwa, hutoa maji taratibu kupitia kuta zake hadi kwenye mizizi. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo kwenye kizibo na kuzikwa kichwa chini hufanya kazi inayofanana. Maji yaliyooshea mboga au nafaka yanafaa pia. Maji yenye sabuni kali, dawa ya madoa au chumvi hayafai.

Magugu yaondolewe katika duara lenye kipenyo cha mita moja kuzunguka mche, kwani nyasi hunyonya maji haraka kuliko mche mchanga. Duara hilo lifunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu au majani ili kuzuia unyevu usipotee. Matandazo yasiguse shina. Iachwe nafasi ya sentimita 10 hivi, kwa sababu matandazo yaliyorundikwa shinani huozesha gome na kuwapa mchwa njia ya kujificha.

Mchwa ni tatizo kubwa katika ardhi ya Dodoma, na hushambulia zaidi miche iliyokwisha kudhoofika kwa kiu. Penye mchwa wengi, mawe madogo yanaweza kutumika badala ya matandazo ya nyasi. Uchaguzi wa mti nao ni kinga. Mwarobaini na mjohoro huvumilia zaidi, wakati miche michanga ya mikaratusi huliwa kwa urahisi. Kabla ya kutumia dawa yoyote ya viwandani, mwananchi apate ushauri wa afisa ugani.

Jua la alasiri ndilo kali zaidi. Mche unaoonekana kuzidiwa unaweza kuwekewa kivuli cha muda upande wa magharibi kwa kutumia matawi makavu au fito na nyasi. Kivuli hicho kiondolewe mvua zikirudi.

Mifugo na sheria ndogo

Mbuzi mmoja aliyefunguliwa alasiri anaweza kumaliza kazi ya msimu mzima. Mche unaoliwa ncha mara kwa mara hutumia akiba yake yote kuotesha upya, na hatimaye huishiwa. Kwa mche mmoja mmoja, uzio wa matawi ya miiba ndio wa gharama nafuu na hupatikana karibu kila kijiji. Uzio uwe mpana kiasi cha mbuzi kutofikisha shingo kwenye mche, na ukaguliwe mara kwa mara.

Kwa maeneo ya pamoja kama shule, vyanzo vya maji na hifadhi za kijiji, uzio peke yake hautoshi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inazipa Halmashauri za Vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kupitia mkutano mkuu wa kijiji, wananchi wanaweza kukubaliana maeneo ya malisho, muda wa kuachia mifugo mashambani baada ya mavuno, na adhabu kwa anayekiuka. Sheria ndogo iliyotungwa kwa kuwashirikisha wafugaji hutekelezeka kuliko ile waliyosomewa tu.

Historia ya Kondoa inatoa somo la pande mbili. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lenye takribani kilomita za mraba 1,256 lililokuwa limeharibiwa na mmomonyoko. Miaka iliyofuata uoto ulirudi, sehemu kubwa ukiwa ni miti na nyasi zilizojiotea zenyewe baada ya kuacha kuliwa na kukanyagwa. Wakati huohuo, hatua hiyo ilikuwa mzigo mzito kwa familia zilizoishi kwa mifugo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ufugaji wa ndani ulianza kuhimizwa kama njia ya kati. Kinachofundishwa hapo ni kwamba kinga dhidi ya mifugo huipa miche nafasi kubwa ya kuishi, na kwamba kinga hiyo hudumu pale mfugaji anapopatiwa njia nyingine ya kulisha mifugo yake.

Machipukizi ya visiki nayo ni miche

Si lazima kila mti uanzie kitaluni. Katika mashamba mengi ya Dodoma vipo visiki vilivyokatwa zamani ambavyo mizizi yake bado iko hai. Kila msimu hutoa machipukizi mengi membamba, nayo hukatwa wakati wa kulima. Njia ijulikanayo hapa nchini kama Kisiki Hai huyageuza machipukizi hayo kuwa miti. Asili yake ni kazi iliyofanyika nchini Niger katika miaka ya 1980, na katika miaka ya karibuni imeenezwa katika vijiji vya Mkoa wa Dodoma.

Hatua zake ni chache. Mkulima huchagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye afya kwenye kisiki, hukata mengine ili nguvu ya mizizi iende kwa yaliyobaki, hupogolea matawi ya chini, hufunga kitambaa chenye rangi kama alama ili yasikatwe na jembe, kisha huyalinda. Kwa kuwa mizizi imekwisha kushuka chini sana, machipukizi hayo hayahitaji ndoo ya maji wakati wa kiangazi. Kwa shamba lililo mbali na maji, hii ndiyo njia yenye gharama ndogo kuliko zote.

Mche ulionyauka: kuokoa au kubadili

Mche uliopukutisha majani haujafa hadi uthibitishwe. Gome la shina likwaruzwe kidogo kwa ukucha, kuanzia juu kushuka chini. Rangi ya kijani na unyevu chini ya gome ni dalili ya uhai. Sehemu iliyokauka ikatwe hadi kufikia sehemu hai, mche umwagiliwe kwa wingi, uwekewe kivuli cha muda na usubiriwe. Mbolea ya viwandani isitolewe kwa mche wenye kiu, kwani chumvi zake huzidi kunyonya maji kutoka kwenye mizizi. Chakula kitolewe baada ya majani mapya kuonekana na udongo kuwa na unyevu.

Ikiwa shina limekauka hadi shingoni, shingo imeoza, au mche unang'oka kwa kuvutwa kidogo, ni busara kuubadili. Mapengo yajazwe mwanzoni mwa msimu unaofuata kwa miche iliyokomazwa vyema. Kabla ya kujaza, sababu ya kifo ijulikane. Mche mpya ukiwekwa kwenye shimo lenye maji yanayotuama, au kwenye njia ya mbuzi, utakufa kama uliotangulia.

Tuhesabu iliyo hai

Taasisi, shule na vijiji vinahimizwa kuwa na daftari la miti. Liandikwe tarehe ya kupanda, aina ya miti, idadi, mahali na jina la mtu au kikundi kinachohusika na kila eneo. Ukaguzi ufanyike angalau mara tatu katika mwaka wa kwanza: mwezi mmoja baada ya kupanda, mwisho wa mvua, na mwisho wa kiangazi. Asilimia ya miti iliyo hai hupatikana kwa kugawanya idadi ya iliyo hai kwa idadi iliyopandwa, kisha kuzidisha kwa 100. Shule iliyopanda miche 200 na kukuta 130 iko hai mwezi Novemba ina asilimia 65. Takwimu hiyo iandikwe kwenye taarifa kama ilivyo, na iambatane na maelezo ya kilichoua miche 70.

Shuleni, mwanafunzi anaweza kukabidhiwa mche mmoja na kuuhudumia hadi anapomaliza. Maofisini, kila idara inaweza kupewa safu yake. Nyumbani, familia inaweza kupanda miti mitano tu inayoweza kuipatia maji, badala ya ishirini itakayokauka. Anayepata mgongano wa aina ya mti, ugonjwa au wadudu anaweza kumwona afisa misitu wa halmashauri yake, afisa ugani wa kata au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania iliyo karibu.

Mahali pale ambapo mwandishi aling'oa kijiti chake, alichimba shimo jipya msimu uliofuata na kupanda mwarobaini mwingine, safari hii baada ya kuchana kiriba. Alisimika mti wa kuegemea upande wa mashariki na kukubaliana na mhudumu wa ofisi kuhusu ndoo moja ya maji kila Ijumaa. Mwishoni mwa kiangazi cha pili mti wa kuegemea uliondolewa. Leo mwarobaini huo una kivuli kinachotosha benchi moja, na wananchi wanaosubiri huduma hukaa hapo.